Neno Nililoliruka

Pasi ya makaa ikiguswa kwenye kitambaa chenye unyevu hutoa harufu ambayo sijaweza kuikimbia. Nimekimbia mengi: shule ya masista, ndoa mbili, miji yote ya reli kutoka Sakania hadi Kolwezi. Juzi hapa Katuba nilipita karibu na kibanda cha fundi cherehani, harufu ile ikanikamata, nikaketi kwenye ngazi yake bila kuomba ruhusa. Nimechoka, jamani. Basi niwaambie ninyi, maana sijapata kumwambia mtu.

Tuliishi cité, mtaa wa Waafrika, Élisabethville ya wakati wa Wabelgiji, na jirani yetu alikuwa Fundi Filimoni, Mnyasa aliyefuata reli akabaki. Masista walitufundisha Kifaransa kidogo na sala nyingi. Kiingereza nilikiokota barazani kwake, kwa udadisi tu, nikikaa juu ya sanduku la nyuzi. Hakuwa na kitabu. Alidunga sindano chini ya kitambaa, ncha ikachomoza juu, akasema, "Emerge." Asubuhi za kiangazi bomba la moshi la kiwanda cha shaba lilijitokeza ndani ya ukungu, kubwa, jeusi, kama mtu mwenye nia mbaya: "Loom." Mteja aliyeahidi kuja Jumamosi akija kweli Jumamosi: "Show up," na hilo tulilisema mara chache. Juu ya yote lilikuwa "appear", kuonekana mahali ulipokuwa huonekani.

"Hii iko chifu yao," alisema. "Ukisahau yote, shika hii."

Sikulisahau, kwa sababu ya baba.

Baba alikwenda Rhodesia kuchimba shaba, na kwa miaka miwili hatukupata habari. Mdogo wake, baba mudogo Kalenga, akaanza kuja kila Jumapili na kuketi kwenye kiti cha baba. Kwetu, mume akipotea sana, ukoo humlilia hata bila maiti. Mjane hunyolewa, kisha mdogo wa marehemu humrithi, yeye na watoto wake. Baba mudogo alikuwa na haraka ya kulia.

"Shemeji, mvua ikianza tutafanya kilio," alimwambia mama.

"Mvua haiyaanza," mama akajibu, akaendelea kuchekecha unga.

Mama akanituma kwa Fundi, tukaandika barua kwa wakubwa wa mgodi kuuliza kama baba ameonekana huko. Jibu lilifika Jumapili, mawingu yakiwa yameshakusanyika. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameketi nasi, na wembe mpya ulikuwa mezani, bado ndani ya karatasi yake. Fundi alikuwa kanisani. Mwenye kusoma Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu.

Barua ilisema kwamba baba hakufika kazini tangu mvua za mwaka uliopita. Mwishoni: "He has not appeared." Niliutazama wembe, nikaitazama mikono ya mama yenye unga. Nikaliruka lile neno dogo la katikati.

"Baba ameonekana," nikasema. "Iko kazini."

Baba mudogo akainyakua karatasi, akaigeuza juu chini. "Maneno yote haya, maana yake hiyo tu?"

"Bazungu banasemaka mingi, baba mudogo."

Wazee wakacheka, wakaomba pombe. Kilio hakikufanyika, mwaka ule wala uliofuata.

Lakini kila jioni treni ya kusini ilipopiga filimbi, mama aliinua kichwa. Niliona nimemfunga kwenye nguzo, amngojee mtu asiyekuja. Ndiyo maana niliacha shule: nilitaka kumpata baba, uongo wangu uwe kweli. Nilivuka mpaka, nikauliza mgodi hadi mgodi, nikilitumia lile neno la chifu hadi likachakaa mdomoni. Sikumpata. Miguu ikazoea kwenda, ikasahau kurudi.

Nilirudi kumzika mama. Mjane wa Fundi Filimoni, mzee sana, alinivuta kando matangani.

"Mama yako alileta ile barua kwetu kesho yake tu," akasema. "Filimoni akamusomea yote. Akauliza, tumwambie mutoto kama tunajua? Mama akakataa. Akasema, 'Mumuache. Mutoto amenipa mulango wa kufunga. Akijua, siku moja atasema mbele ya bantu.'"

Nikakumbuka alama ya mkanda wa baba mgongoni mwa mama, niliyoizoea utotoni kama unavyozoea ufa wa ukuta.

Nimezunguka nusu ya maisha kumtafuta mtu ambaye nyumbani hakuna aliyemtaka. Simlaumu mama. Ila nimechoka. Na filimbi ile ya jioni, siku hizi naisikia vingine. Mama aliinua kichwa, akasubiri hadi hatua za abiria wa mwisho zipite mlangoni petu, ndipo akarudi kwenye unga wake. Alikuwa anahakikisha hatokei.