Anapima Misaada ya Vita kwa Shingo Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, Temeke. Margareta Anselmo anapiga magoti mbele ya furushi, anaweka ngata utosini, anajitwika bila kusaidiwa, kisha anasimama. Anazunguka ua wa ghala mara tatu. Mzunguko wa mwisho shingo inamtetemeka. Anatua, anafungua kamba na kupunguza miche minne ya sabuni.

"Sasa litafika," anasema.

Ana miaka arobaini na sita. Alivuka Mto Ruvuma mwaka 1964, vita vya uhuru vya Msumbiji vilipoanza. Leo, miaka saba baadaye, hufunga misaada ya kupelekwa kwao. Lori huifikisha mpakani. Kutoka hapo wanawake huibeba kichwani siku kumi na mbili, na mmoja wao ni bintiye wa pekee, Eufrazia.

Ukutani, karani Albano ameandika kwa chaki nani katoa nini. Juu kabisa ipo nchi moja ya Ulaya: tani sita za makoti ya sufu. Chini kabisa wapo akina mama wa Mbagala: kilo arobaini za chumvi, katika vifuko walivyoshona wenyewe.

Kisomo cha watu wazima kimemwezesha Margareta kuusoma ubao huo, naye huuanzia chini.

"Chumvi kule ni dhahabu. Makoti, mwaka jana niliyafunga kilo ishirini tu. Walipovuka mto yakanywa maji. Rosalia, mbebaji mwenzao, akazama na furushi langu. Alikuwa nyuma ya mwanangu, hatua mbili."

Sisi wa magazeti nasi huandika tani, tukaridhika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Albano anakuja na daftari lake. Amri imetoka: makoti yaondoke kabla ya mvua.

"Mama Eufrazia, wafadhili wanakuja mwezi ujao. Watayaulizia."

"Waambie yapo, Ndugu Albano. Anayeyataka yafike, nitampa ngata ajitwike."

"Utafukuzwa kazi, mama."

"Nifukuzwe. Sifungi koti tena."

Albano anaguna, anaondoka. Hajaandika kitu.

Barua ya mwisho ya Eufrazia ilifika miezi minne iliyopita. Margareta hafichi kwamba anaogopa. Ameomba nafasi kwenye lori la Jumamosi, akae juu ya mafurushi ya chumvi na dawa, na mpaka leo hajajibiwa.

Namuuliza kama anakwenda kumrudisha binti.

"Nimrudishe wapi? Vita ni vyetu. Nataka nitembee naye siku ya kwanza tu, mpaka jioni. Miaka mitatu hii mie ndiye ninayemtwika. Sijawahi kumtua."