Msimamo wa Mheshimiwa

Kila uchaguzi ulipokaribia, mbunge mmoja alipanda ngazi hadi studio ya Ottilie, mpiga picha wa Berlin, apigwe picha ya kuwagawia wapiga kura. Alilamba kidole akalaza sharubu, kisha akachomeka mkono kifuani mwa koti kama jenerali, ingawa jeshi alilijua kwa kutazama gwaride tu. Sauti yake nzito ilijaza chumba. Bungeni haikupata kusikika. Safari hii alimkuta Ottilie peke yake. Mumewe, mpiga chapa, alikuwa amefukuzwa mjini kwa sheria mpya ya kukibana chama cha wafanyakazi.

"Mheshimiwa," Ottilie aliuliza akiiweka sawa kamera yake ya siku zile, iliyomtaka mtu atulie tuli kwa muda, "sheria ile uliiunga mkono?"

"Ipi, bibi?"

"Iliyomfukuza Emil wangu."

Mbunge alijikuna shingo. "Kusema kweli, sikuisoma. Kiongozi wetu alisimama, nasi tukasimama. Ndivyo tunavyopiga kura." Kisha akainua kidevu. "Leo usinikalishe. Nipige nimesimama, watu waone mtu mwenye msimamo."

Ottilie alijifunika kitambaa cheusi, machozi yakimlengalenga, akampiga picha. Picha ilitoka safi kabisa, maana kusimama kimya mheshimiwa alikuwa amekuzoea.