Vicheko Viwili vya Baba Elinami

Mwaka 1954, Melkizedeki, msimamizi wa mfereji wa maji kule Makumira, alicheka kwenye maziko ya kaka yake. Alicheka wakati mchungaji yuko katikati ya sala, kisha akanyamaza na kuuliza kwa nini watu wanamtazama.

Anande, mkewe, hakushangaa. Alikijua kicheko kile tangu walipooana: kifupi, kikavu kama punje za mahindi ndani ya kibuyu, mara nne tano kwa siku. Lakini safari hii ukoo ulijiona umetukanwa. Wazee wakaamua apelekwe hospitali ya mjini, aandikiwe barua ya kwenda hospitali ya vichaa kule Dodoma.

"Wanaokwenda huko hawarudi," Anande alimwambia Romanus, dresa Mchaga, mfunga vidonda wa hospitali, aliyemtafsiria daktari Mzungu. "Mwambie mume wangu ana vicheko viwili. Asiandike kabla hajaviona vyote."

"Mama Elinami, hapa si sinema."

"Mwambie."

Akamgeukia mumewe. "Baba Elinami, siku ile ya posa, kuku wa mama alikusamehe?"

Siku hiyo ya posa Melkizedeki, katika suruali ya kuazima, alikuwa amekalia tenga lenye kuku anayeatamia. Sasa akacheka, akaziba mdomo kwa haya, machozi yakamlengalenga, akajipiga paja. Hata Romanus alicheka, bila kujua habari yenyewe.

Wakangoja. Baada ya nusu saa kikaja kile kingine: mdomo ukacheka, macho yakabaki kama ya mtu aliyepotea njia, mkono wa kushoto ukichezea kifungo cha shati. Daktari akaweka kalamu chini.

"Anasema ni kifafa," Romanus akatafsiri taratibu. "Kifafa cha kucheka."

Daktari akampeleka Nairobi. Huko walimwingizia hewa mgongoni ipande kichwani, wakampiga picha. Wakaona uvimbe mdogo kama punje ya kahawa, chini kabisa ya ubongo, mahali kisu hakifiki. Akarudi na vidonge vya fenobabitoni vya kutuliza kifafa.

Kicheko kikavu kikapungua hadi mara moja kwa mwezi. Lakini cha kweli nacho kikatoweka. Anande akimtaja kuku, mumewe huitikia "Mm," kama aliyeulizwa bei ya chumvi.

"Mmenirudishia nusu mtu," akamwambia Romanus. Daktari akapunguza vidonge.

Siku moja ya masika, Anande akimenya ndizi, Melkizedeki akasema, "Yale mayai, yote yalivunjika?" Mabega yakaanza kumtikisika.

Anande akamtazama machoni kwanza. Yalikuwa yamejaa machozi. Ndipo akaweka kisu chini.

"Moja lilipona," akasema. "Ndiye jogoo uliyemla siku ya harusi."