Mkono wa Rula

Kiwandani wanamwita Rula, kwa kuwa hushona mstari ulionyooka bila kupiga chaki. Ni mama mdogo wangu, mtu asiyejua kukaa kitako. Hata chai huinywa akizunguka. Zilipoletwa cherehani za umeme, zikaondolewa zile nyeusi za kukanyaga alizozizoea tangu usichana, ya kwake ikaanza kuruka mishono. Msimamizi akamwambia kwa upole, "Dada, kesho isipotulia itabidi nikuhamishie meza ya vifungo."

Vifungo! Alirudi nyumbani amevimba. Kutwa nzima alikuwa amekaza uzi, akaulegeza, akafungua bobini ya uzi wa chini, akabadilisha sindano. Kila alichokijua alikijaribu, kisha akakirudia kwa hasira zaidi. Mimi, ninayepiga pasi kiwanda hichohicho, nilimwambia labda apumzike. Alinitazama, nikaenda kumchemshia chai.

Asubuhi mvua ilinyesha. Akalichomoa koti la baba mdogo msumarini, akalivaa huku akienda mlangoni na kurudi. Vidole vikatafuta vifungo kushoto, vikapapasa, vikarudi palepale kushoto.

"Mke wangu, hilo ni langu," baba mdogo akacheka. "Vifungo viko kulia. Unalifunga kama gauni lako!"

Mama mdogo akasimama tuli, macho kwenye vidole vyake. Halafu akatoka mbio, koti wazi, mimi nyuma yake nikilowa.

Kiwandani hata hakuketi. Alilegeza skrubu akaitoa sindano. Sindano ya cherehani ina mfereji upande mmoja, na mfereji huo lazima uelekee kule uzi unakoingilia. Kwenye zile nyeusi uzi uliingilia kulia. Kwenye hizi unaingilia kushoto. Yeye uzi alikuwa akiupitisha sawasawa, lakini kila sindano mpya mkono wake uliigeuzia mfereji kulia, wakati akili iko kwenye bobini. Akaigeuza, akakanyaga pedali ya umeme. Kitambaa kikateleza, hakuna mshono ulioruka.

"Ilikuwa na nini?" msimamizi akauliza.

"Mashine haikuwa na kitu. Ni mimi."

Msimamizi akacheka, akamwachia cherehani yake. Sisi wengine tulishangilia, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Jioni nilimkuta amekaa kitako, chai imepoa, mikono ameiweka mapajani.

"Hii mikono," akaniuliza, "mangapi mengine inayafanya hivyohivyo bila kuniuliza?"