Nilivunja Kikundi Chetu kwa Sababu Sikujua Jibu

Kosa ni langu. Hapa Miburani, kijijini kwetu kisiwani, watu husema nilifeli kidato cha nne kwa sababu mama alinifanyisha kazi ya kulima mwani baharini. Si kweli, na nimechoka kusikia mama akisemwa kwa sababu ya kiburi changu.

Madaftari yangu yalikuwa mazuri kuliko ya mtu yeyote darasani. Vichwa vya mada kwa wino mwekundu, ya muhimu nimeyapaka rangi ya njano. Niliyasoma na kuyarudia mpaka nikawa najua jambo fulani liko ukurasa wa kushoto, chini. Nikadhani huko ndiko kujua.

Tulikuwa wanne tukisoma pamoja. Zuhura, shoga yangu tangu darasa la kwanza, akaleta utaratibu mpya: madaftari yafungwe, kila mtu aulizwe.

Akaanza na mimi. "Kwa nini samaki akitiwa chumvi anatoa maji?"

Nikamtajia maana ya osmosisi, kwa Kiingereza, bila kukosea neno.

"Hiyo tumeisikia," akasema. "Sasa nieleze kama unamweleza mtu asiyesoma."

Wenzangu wananitazama. Badala ya kusema sijui, nikamwambia anajifanya mwalimu, nikabeba madaftari yangu, nikaondoka. Kesho yake nikawaambia wale wawili kwamba Zuhura anatupotezea muda. Wakaniamini, kwa uzuri wa yale madaftari. Kikundi kikafa.

Zuhura akaendelea peke yake. Alikuwa anajibu mitihani ya miaka ya nyuma daftari likiwa limefungwa, kisha anajisahihisha, anarudia pale alipokosa.

Mtihani wetu ulijaa "eleza kwa nini". Nilipata daraja sifuri. Zuhura alifaulu, sasa anasomea uuguzi bara. Mmoja wa wale wawili walioniamini alifeli pia. Hilo sijui nitalifuta vipi.

Matokeo yalipotoka, baba mdogo akamwambia mama mbele ya watu, "Mwani wako ndio umemponza mtoto." Mama akanitazama, akingoja niseme neno. Nilikaa kimya miaka mitatu.

Nilipomwambia ukweli, alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Hakuinua hata kichwa.

"Nilijua," akasema. "Siku zile za mtihani nani alikushikisha kamba? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Nikampigia Zuhura, nikamwomba radhi. Akasema, "Haya. Nikuulize sasa hivi?"

Mwaka jana nilirudia mtihani kwa kujitegemea. Kila jioni nilifunga daftari nikamweleza mama somo, na mama anauliza "kwa nini" kuliko msahihishaji yeyote. Baiolojia nimepata C. Hesabu nimefeli tena.

Baba mdogo akaja na maneno yake. "Kitabu kimekukataa, mwanangu. Olewa."

"Shikamoo, baba mdogo," nikamwambia. "Nitaolewa nikitaka. Hesabu naifanya tena mwaka huu, nikikosa naifanya na mwakani. Na mama usimguse tena. Mwani haukunifelisha. Nilijifelisha mwenyewe."

Akaitikia marahaba, akaondoka.

Nanyi mlio na mtihani mbele, msidanganywe na daftari zuri. Lifungeni, muulizwe. Ukikosa jibu, sema sijui hapohapo, mbele ya wenzako. Mimi sikusema, na aliyebeba lawama miaka mitatu ni mama yangu.