Maswali ya Upande wa Nyuma

Harufu ya wino wa stenseli, uliochapia mitihani yetu, bado hunirudisha darasa la tano, Kariobangi. Baada ya mtihani wa hesabu tulibadilishana karatasi, mwalimu akaandika majibu ubaoni, tukasahihishana. Asiyefikisha nusu angerudia darasa. Mimi nilisahihisha ya msichana wa dawati langu. Nilitaja alama zake, mwalimu akaziandika, akasema ameanguka. Ndipo nilipogeuza karatasi nikaona maswali ya nyuma ambayo sikuyasahihisha, na karibu yote alikuwa ameyapata. Niliogopa kuinua mkono.

“Wewe, leta karatasi nione,” msichana alininong'oneza, akimwogopa mama yake. “Mathe ataniua.”

“Ticha amechukua.”

Ilikuwa ndani ya soksi yangu.

Januari nilipanda la sita. Yeye alibaki, akawaambia wenzake wapya wakikwama hesabu waniulize mimi.