Moto wa Nyumba ya Bibi

Tulianza safari Jumamosi, tarehe 8 Juni 1974, saa moja kasorobo asubuhi, wasichana wa kidato cha pili na mwalimu wetu wa historia. Ukungu ulikuwa umelala hadi mlangoni mwa bweni. Wa kutuongoza njia alikuwa balozi wa nyumba kumi wa kijiji kipya cha ujamaa, kile cha chini barabarani. Alitangulia bila kugeuka, kama mtu aliyetumwa kwingine.

Mimi nilikaa nyuma, ndiko ninakokaa siku zote. Hata kuitwa jina darasani hunitoa jasho.

Kule Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kishambaa, nilitegemea kuona mji. Niliona migomba na mbuzi kwenye kamba. Balozi alitueleza kwamba zamani mtawala akifa, moto ulizimwa kila nyumba, watu wakakaa na baridi mpaka uwashwe mpya.

"Hata kama chungu kiko jikoni?" akauliza mwenzetu mmoja mwenye mdomo.

"Hata kama. Ungelala na njaa, wewe na mdomo wako."

Tulicheka. Kisha akatupeleka ukingoni mwa mlima, akasema siku ya jua unaiona nyika yote ya Mazinde, na ukikaza macho upande wa Tanga, bahari. Tukakaza macho. Ukungu mtupu.

"Basi andikeni kwamba bahari ipo," mwalimu akasema.

Kurudi tulipita njia nyingine. Balozi alisema kuna kijiji cha juu kimehamishwa, miti ya mapaa imebaki, kila mwanafunzi ateremshe mmoja hadi kijiji kipya. Elimu ya kujitegemea. Nilipouona mwamba niliokuwa nikiutelezea utotoni, nikajua tunakokwenda. Kijiji chenyewe ni kwao mama. Likizo iliyopita mama aliniambia bibi ameshahama, nisome nisiwe na wasiwasi.

Nyumba zote hazikuwa na paa. Katika ya mwisho moshi ulikuwa unapanda, na ndani, mbingu ikiwa juu ya kichwa chake, bibi yangu amekaa kwenye kigoda anachochea moto.

"Huyu ameambiwa mpaka tumechoka," balozi akasema. "Mgambo wako njiani. Leo atashuka, kwa miguu yake au kwa mikono yao."

"Shikamoo bibi," tukasema wote.

"Marahaba, wajukuu zangu. Poleni kwa kubomoa."

Nikasogea mbele, nikarudia peke yangu, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, binti. Wewe wa wapi?"

Alinilea tangu naachishwa ziwa hadi naanza shule. Akainamia moto, akasema kwa Kishambaa, kama anayeongea na makaa: nyamaza, watakuandika na wewe, wakufukuze shule.

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini mgambo wawili walikuwa wameshatokeza kwenye kona, na nilijua bibi hatakubali kusimama kwa ajili yao.

"Mwalimu," nikasema, sauti ikikwaruza, "huyu ni mama yake mama. Nitamteremsha mimi."

Bibi alinitazama kwa hasira. Halafu hasira ikaisha, akabaki mzee tu.

"Nikishuka, na moto huu ushuke. Haujazimika tangu niolewe."

Akachukua kigae cha chungu, akatandika majivu, akapanga makaa mekundu, akayafunika kwa majivu mengine, akanikabidhi. Mgambo wakabeba kitanda. Wenzangu wakabeba miti.

Tulishuka yeye kanishika bega. Mvua ilitukuta kwenye kijito. Nilivua sweta nikafunika kigae, nikakiinamia, maji yananipita mgongoni.

"Bado upo?"

"Upo, bibi."

Mbele kidogo akauliza tena. Kigae kilikuwa kinapoa mikononi mwangu. "Sijui, bibi," nikamwambia.

Kiwanja alichopewa katika kijiji kipya kilikuwa na kibanda cha matete na kijiti cha kuonyesha mpaka. Bibi akapekua majivu kwa kidole. Makaa yote meusi. Balozi akatoa kiberiti mfukoni.

"Moto ni moto, mama," akasema, na nadhani hakuwa na ubaya.

Bibi akausukuma mkono wake pembeni. Akakaa juu ya kitanda, nguo zimelowa, mikono mapajani. Yule mwenye mdomo akaninong'oneza, "Kwani nani amekufa?" Safari hii hakuwa anatania.

Mwalimu akatuita tuondoke. Usiku kucha mvua haikukatika.

Jumapili asubuhi, wenzangu wakipanga mstari wa kwenda kanisani, nilipita nyuma ya jiko la shule nikapanda kijiji cha juu. Mvua ilikuwa imenyeshea ndani. Jiko la bibi lilikuwa tope jeusi. Nilipiga magoti nikachimba mpaka nikafika udongo mwekundu. Hakukuwa na kaa hata moja lenye moto.

Nikang'oa figa la kwanza, nikalifuta tope kwa sketi, nikajitwika, nikaanza kuteremka kwa bibi. Mengine mawili ningeyarudia.